Kilwa: mpingo unapimwa, ufuta unasogea

Safari ya basi kutoka Dar hadi Nangurukuru haikuwa na jambo, ila viti vilivyobana magoti. Kilichoniudhi ni bodaboda ya kuingia kijijini: nauli yake ilizidi ya basi, na vumbi juu.

Hasira iliniisha msituni. Kamati ya maliasili ya kijiji ilikuwa inampimia mnunuzi mipingo, na kazi ile niliitazama mpaka jua likapinda. Utepe unazungushwa kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini. Penye mteremko unapimia upande wa juu. Ukikuta jicho au uvimbe, pima juu yake kidogo, maana ukipima hapo hapo mti mwembamba utasoma mnene na utakatwa kabla ya wakati. Kipenyo cha chini ni sentimeta 24, yaani mzingo wa 75 na kidogo.

“Kaza utepe, mjukuu wangu,” mzee alimwambia kijana. “Huu bado.”

Ukifika kipimo, unagongwa kwa kitako cha panga. Mipingo mingi imeoza moyo, na sauti ya uwazi unaisikia. Fundi wa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza inayochongwa kwa mpingo, anataka kiini cheusi kisicho na ufa, kwa hiyo mti wenye uwazi bora uachwe umesimama utoe mbegu. Uliokatwa hupimwa upya na gogo hugongwa nyundo ya alama. Bila alama hiyo na hati ya kusafirishia, lori halipiti kizuizini.

Juhudi hii ina sababu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kilichotenga msitu wake kubaki na mapato ya mazao yake. Mpingo ukiibwa, fedha zilizoibwa ni za kijiji, na kila mtu anajua.

Mpinzani wa mpingo ni ufuta. Bei ikipanda mnadani, kwenye stakabadhi ghalani (mkulima anaweka zao ghalani, anapewa risiti, kisha linapigwa mnada), watu hufyeka msitu mpya, kwa kuwa udongo wake una rutuba na magugu ni machache. Baada ya misimu michache magugu yanazidi, shamba linahama. Ufuta unavunwa ndani ya miezi. Mpingo unahitaji zaidi ya miaka 70. Simlaumu mkulima. Nalaumu sera inayosukuma zao bila kuuliza litapandwa wapi.

Nikawaza kwetu Dar: mkaa tunaununua kwa kopo bila kuuliza ulitoka mti gani, na wachongaji wa Mwenge wanazidi kulalamika kwamba mpingo mzuri haupatikani.

Moto nao una wakati wake. Kamati huchoma mapema, mvua zikiisha na nyasi zingali na unyevu, ili moto upite chini. Ule wa Septemba au Oktoba hupanda juu na kuua machipukizi. Mipaka ya mashamba mapya nayo inabidi mkutano mkuu wa kijiji uipitishe kabla mapanga hayajaanza kufyeka, kwani ufuta ukishaota hakuna atakayekubali kuung'oa.