Madeni sita kwenye namba moja ya gari

Afande aliingiza namba ya gari kwenye mashine, akasubiri, akaniangalia, akaingiza tena. Kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Faini tano hazijalipwa. Kila moja ilianza ikiwa shilingi 30,000, na kwa kuchelewa ikaongezewa 7,500. Jumla 187,500. Na ya siku ile, ya tochi (kamera ya kupima mwendo) niliyopigwa dakika chache nyuma, ilikuwa bado haijaandikwa.

Nilikuwa na miaka 22, leseni ya daraja D yenye miezi kumi, na Noah ya zamani ya mjomba wangu. Nyuma nilibeba maboksi sita ya vifaranga wa siku moja, mia moja kila boksi, natoka Kibaha nawapeleka wateja wa Ilula na Iringa mjini. Hifadhi ya Mikumi nilikuwa nimeshaipita, saa mbili asubuhi imefika, na lile bonde la kuelekea Ruaha Mbuyuni likianza kupata joto halina huruma na kifaranga.

Nikajaribu lile ambalo madereva wenzangu waliniambia hujaribiwa kwanza. "Afande, naomba tuongee kidogo."

"Tumeshaongea, kijana. Shule ile pale umeiona?"

Nikageuka. Kulikuwa na shule. Kulikuwa na kibao cha watoto kuvuka, na mistari ya pundamilia barabarani. Njia ile nilikuwa nimepita mara nyingi sana, na pale nilipita nikiwa kwenye 84 mahali pa 50, na shule sikuiona. Sikumjibu. Hata sasa nikikumbuka siku ile, kinachonirudia ni ile shule. Zile pesa zilipatikana.

Picha alikuwa nayo kwenye simu yake: Noah kwa mbele, namba inasomeka vizuri, kasi imeandikwa pembeni. Aliyenipiga tochi alikuwa nyuma sana, mimi sikumwona kabisa. Ndivyo inavyofanyika siku hizi. Mmoja anapiga picha huku, anaituma mbele kwa mwenzake, na wewe unasimamishwa mahali ambapo umeshapunguza mwendo na unajiona mtu mwema.

Afande alinionea huruma kwa ajili ya vifaranga, si kwa ajili yangu. Aliniambia nisogeze gari chini ya mti na nifungue milango yote. Kwenye simu nilikuwa na shilingi 117,000, ambazo humo ndani mlikuwa na mafuta ya kurudia. Kila faini ina namba yake ya malipo, kwa hiyo inalipika peke yake, si lazima ulipe zote kwa mkupuo. Nikalipa tatu, 112,500. Nikabaki na 4,500. Akaniandikia ile mpya, akanisisitizia kwamba nikisimamishwa tena na deni gari litabaki kituoni, akaniruhusu niondoke. Nilikaa pale saa moja na dakika kumi.

Vifaranga kumi na mmoja walikuwa wamekufa nilipofika Ilula. Mama mteja aliwatoa mmoja mmoja, akawapanga kwenye mfuniko wa boksi bila kusema neno. Kisha akanikopesha 50,000 ya mafuta.

Mtu atauliza madeni yalifikaje matano. Yalifika kwa sababu hakuna anayekuja kukugongea mlango. Faini ya kwanza iliniuma sana, nikaapa nitalipa mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ukaja na shida zake. Ya pili niliichukua ile karatasi nikaisukuma chini ya mkeka wa gari, pamoja na ya kwanza. Ya tatu sikuisoma hata sehemu niliyoandikiwa. Miezi ikaenda, gari linatembea, hakuna anayesema kitu, na moyo unaanza kuamini kwamba jambo lenyewe limeisha. Lakini deni linakaa kwenye namba ya gari. Gari halikuwa langu. Siku mjomba angetaka kuliuza, mnunuzi angeangalia namba, na aibu ingekuwa ya mjomba.

Kumwambia ndiko kulikuwa kugumu kuliko kulipa. Nilirudi Kibaha usiku, nikalala kwenye gari mpaka alfajiri, nikamsubiri atoke kuswali.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona umelala nje?"

Nikamweleza yote, mpaka karatasi za chini ya mkeka nikamtolea. Mjomba ameendesha malori ya kwenda Tunduma zaidi ya miaka ishirini. Nilitegemea angefoka. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule la mwanawe, kurasa chache za mwanzo zimeandikwa hesabu, akanipa.

"Andika. Kila moja: wapi, saa ngapi, kasi gani, na ulikuwa unawaza nini. Ukimaliza niletee. Ufunguo utabaki kwangu."

Hilo la kuwaza nini nililiona la kitoto. Kumbe ndilo lililonisaidia kuliko yote.

Nilipopanga zile faini kwenye ukurasa mmoja, jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba moja haikuwa yangu. Tarehe yake gari lilikuwa gereji, limeshushwa giaboksi, na risiti ya fundi nilikuwa nayo. Nikafungua taarifa za madeni mtandaoni kwa namba ya gari. Pale kila kosa lina mahali lilipotokea, aina ya kosa, na namba ya leseni ya dereva aliyeandikiwa. Namba ya leseni haikuwa yangu wala ya mjomba. Bila shaka mtu alikosea herufi moja ya namba ya gari wakati wa kuingiza. Nashukuru ilikuwa miongoni mwa mbili nilizokuwa sijalipa. Nilikwenda mara mbili kituo kilichoandika kosa lile, na risiti, nakala ya kadi ya gari, nakala ya leseni, na shati safi. Mara ya kwanza mhusika hakuwepo. Mara ya pili walilinganisha kumbukumbu zao, wakaandika maelezo yangu, na baada ya wiki tatu hivi lile deni likaondoka kwenye orodha. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujalipa soma kila mstari. Na kama kweli hukubaliani na kosa, sheria haikulazimishi kulipa hapo hapo. Una haki ya kuomba jambo lako liende mahakamani. Mimi kwa zile nyingine tano sikuwa na cha kubisha. Zilikuwa zangu.

Hizo tano ndizo nilizozikalia. 71, 68, 77, 73, 84. Nilidhani nitakuta kwamba tatizo ni kuingia kijijini kwa kasi. Haikuwa hivyo. Tatu kati ya tano nilipigwa nikiwa natoka kijijini. Nyumba zimeisha, mbele naona mashamba na barabara nyeupe imenyooka, na mguu unakanyaga mafuta wenyewe. Lakini kibao cha 50 kilichokatwa kwa mistari, kile kinachokuambia sasa umeruhusiwa, kilikuwa bado mita mia mbili au tatu mbele. Mimi nilikuwa nafuata nyumba, sheria inafuata kibao. Ya nne nilikuwa nyuma ya basi. Basi linakimbia, nikajiambia kama kuna tochi litaanza kupigwa lenyewe, na madereva wanaokuja watanipigia taa. Hakuna aliyenipigia taa. Kwenye safu ya "ulikuwa unawaza nini" niliandika neno moja, sawasawa, kwa zote tano: vifaranga.

Mjomba alisoma, akaniuliza kifaranga anaweza kukaa muda gani bila kula. Nikasema sijui, labda nusu siku. Akanituma kwa bwana mifugo. Yule bwana alinieleza kwamba kifaranga kabla ya kuanguliwa anafyonza kiini cha yai kilichobaki, kinaingia tumboni, na hicho kinamtosha mpaka saa 72 ikiwa hajapigwa na joto wala baridi. Ndiyo sababu vifaranga wanasafirishwa mbali vile bila chakula. Kinachowaua njiani ni joto na kukosa hewa, hasa gari likisimama juani.

Nilitoka pale nimenyamaza. Miezi kumi nilikuwa nakimbiza kitu ambacho hakikuhitaji kukimbizwa, na kila nilipokimbia nikasimamishwa juani, mahali ambapo ndipo wanapofia. Wale kumi na mmoja wa Ilula niliwaua kwa kuwaharakisha.

Usiku ule nikapiga hesabu nyingine kwenye daftari. Kijiji chenye urefu wa kilomita 2. Ukipita kwa 50, unatumia dakika mbili na sekunde ishirini na nne. Ukipita kwa 80, dakika moja na nusu. Unaokoa sekunde 54. Vijiji ishirini vya namna hiyo ni dakika 18 kwa safari nzima. Kusimamishwa mara moja tu kulinigharimu dakika 70. Na breki zina hesabu yake: gari kwenye 80 lina nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya gari lile lile kwenye 50, na umbali wa kusimama tangu ukanyage breki unaongezeka zaidi ya maradufu. Hiyo nilifundishwa shule ya udereva, nikaijibu kwenye mtihani, nikaisahau kabla leseni haijatoka.

Mjomba alinirudishia ufunguo baada ya siku chache. Hakunilipia hata shilingi, na nashukuru hakunilipia. Tulikubaliana kila safari deni moja. Nilianza na ile mpya ya 30,000, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa haijaongezeka; ile nyingine ilishafika 37,500. Watu wengi hulipa la zamani kwanza kwa sababu ndilo linalowatia aibu, halafu jipya nalo linazeeka. Safari ya pili nikalipa la zamani. Ya tatu nikamrudishia mama wa Ilula 50,000 yake.

Upande wa kuendesha, nilibadilisha mambo machache lakini nimeyashika. Kwanza natoka saa tisa usiku badala ya saa kumi, na ili niweze hilo nalala saa mbili usiku, simu nampa mdogo wangu. Lile saa moja la mbele limeondoa haraka yote. Naifikia Mikumi kukiwa kumepambazuka, wanyama nawaona, na mlima wa Kitonga naupanda kabla malori hayajajipanga foleni.

Pili, nikiona kibao cha 50 nazima ovadraivu, ile gia ya juu ya mwendo mkubwa. Kwenye Noah hii kitufe kipo kwenye mkono wa gia. Injini inakaa kwenye gia ya chini, na mwendo ukizidi kidogo inalia mpaka unaisikia. Sikio linanikumbusha hata macho yakiwa kwenye mtu wa baiskeli. Siwashi tena mpaka nipite kibao chenye mistari, hata kama nyumba ya mwisho niliiacha zamani. Magari ya nyuma yananipigia honi, mengine yananipita kwa hasira. Mwanzoni nilikuwa natetemeka, nikaona kama nawakosea. Sasa nawasha indiketa ya kushoto, nasogea pembeni, wanapita.

Tatu, siendeshi kwa taa za wenzangu. Mtu akinipigia taa namshukuru kwa mkono, lakini mwendo wangu unakuwa ule ule uliokuwepo.

Kuna rafiki yangu anaendesha gari la mkataba, hesabu ya kila wiki kwa tajiri. Alinionyesha simu yake mwezi uliopita: madeni tisa, na tajiri hajui. Ana miaka 21. Nimempa daftari. Najua anavyojisikia usiku, ule woga wa kila afande anayenyoosha mkono, ule wa kupita njia za vichochoro ili usionwe. Nilimwambia aanze kwa kumwambia tajiri kabla mashine haijamwambia, na ameniomba niende naye. Tutakwenda Jumamosi.

Mimi kila Jumapili jioni naingiza namba ya gari nione. Ni kazi ya dakika moja. Safari iliyopita niliingia Ilula saa nne kasoro dakika tano. Mama alifungua maboksi yake matatu, akahesabu mara mbili kama kawaida yake. Mia tatu, wote hai, wanapiga kelele kweli. Akanikaribisha chai.