Ami Bado Hajakoshwa

Simu ililia saa saba ya usiku. Ami yangu, ndugu wa baba, wa Kengeja kule Pemba, kafariki baada ya Isha. Shangazi hakulia kwenye simu, alinipa saa tu: "Watakusubiri mpaka adhuhuri. Ikipita hapo hawasubiri, njoo."

Alfajiri nilikuwa bandarini Malindi, Unguja, mkobani mna kanzu na kofia tu. Ilikuwa Agosti, kusi limekaza, na boti ya Mkoani imejaa watu wanaokwenda kuchuma karafuu. Baharia alipita akigawa vifuko vya kutapikia, kimya kimya, kama anayegawa tende msikitini. Nilikataa. Nusu saa baadaye nilimwita mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na maradhi ya walimu ni kukumbuka vitabu pasipo mahali pake. Nikiwa nimeinamia kifuko nilimkumbuka Descartes, yule mwanafalsafa Mfaransa, aliyeandika mwaka 1641 kwamba mtu hakai ndani ya mwili wake kama baharia ndani ya chombo. Chombo kikitoboka, baharia hukitazama akaona kimetoboka. Mwili ukijeruhiwa, mwenyewe huumwa. Hapo nilimkubali bila hoja. Lakini ni Descartes huyohuyo aliyeshikilia kwamba nafsi na mwili ni vitu viwili mbalimbali, kimoja kinaweza kuwapo bila ya kingine. Nikajiuliza: mimi nisemaye "mwili wangu" ndiye huyohuyo nisemaye "roho yangu" na "nafsi yangu". Vyote vyangu. Basi mwenye mali ni nani? Wimbi likaja, sikuendelea.

Kwenye mkondo wa Nungwi watu walinyamaza. Hakuna aliyetamka neno, lakini kila Mzanzibari anajua kwa nini. Ni maji haya haya yaliyomeza meli ya Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba. Wengi hawakuonekana tena. Aliyepotea baharini husaliwa swala ya ghaibu, jeneza hakuna, sanda hakuna, jina tu. Mama mmoja mbele yangu aliinua mikono akasoma Fatiha, akajifuta uso. Nami nikasoma.

Mkoani nilishuka miguu ikiyumba nchi kavu. Gari ilipopita Mtambile harufu ya karafuu iliingia madirishani; majamvi yameanikwa kando ya barabara, watoto wanazigeuza kwa miguu. Nikamkumbuka daktari mmoja wa Marekani, Duncan MacDougall, aliyetaka kuipima roho kwenye mizani. Aliwalaza wagonjwa sita waliokuwa wanakata roho juu ya kitanda chenye mizani, na mwaka 1907 akatangaza kwamba mmoja wao alipungua kama gramu 21 pale alipokufa. Wale wengine hawakumpa jibu moja. Akajaribu na mbwa 15, hawakupungua kitu, naye akaona hiyo ndiyo hoja: mbwa hana roho. Gramu 21! Karafuu za uzito huo mtoto wa Kengeja huziokota chini ya mkarafuu mmoja, na mnunuzi hata hazitazami. Sijapata kuelewa kwa nini dunia ingali inaisimulia tarakimu ile.

Nyumbani nilikuta wanaume barazani, wanawake ndani, ubani unafuka. Mlango wa chumba cha uani umefungwa shuka. Nilimwona mzee anayesimamia kuosha amekunja mikono ya kanzu, nikamwamkia, kisha nikauliza kwa haraka ya msafiri:

"Maiti imeshaoshwa?"

Akanitazama. "Imekoshwa sahani. Ami yako bado hajakoshwa. Ingia."

Niliingia na aibu yangu. Magazetini ndivyo tunavyoandika, maiti *imeokotwa*, maiti *imezikwa*, na darasani nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba njia zote mbili, *imezikwa* na *amezikwa*, zinakubalika. Lakini kwenye chumba kile ilikuwapo njia moja tu. Sauti zilikuwa za chini: mgeuze ubavu wa kulia, mstiri, usimbane, mwinue kidogo. Yeye, yeye, yeye. Kijana aliyeshika kata alimwaga maji kwa kasi kidogo, mzee akamshika mkono. "Taratibu. Mtume kasema kumvunja mfupa maiti ni kama kumvunja aliye hai."

Tulianza na maji ya majani ya mkunazi, tukamalizia na yaliyotiwa karafuu maiti, ambayo si karafuu, lakini jina limekaa pale kama ndugu wa mbali. Maji yalichururika kwenye ufuo uliochimbwa chini ya kitanda. Mkono wa ami ulikuwa mzito kuliko nilivyoujua. Ndio ulionifundisha kupanda mkarafuu, kushika tawi kubwa na kulipuuza jembamba. Ibn Sina, mwanafalsafa wa miaka elfu moja iliyopita, alimfikiria mtu anayeelea hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani, na bado anajijua kwamba yupo; akasema huyo anayejijua ndiye nafsi. Mimi nilikuwa nimeshika kinyume chake. Viungo vyote vipo, vimetimia, na kovu la panga gotini lipo.

Nilishindwa kujizuia. "Mzee, kwani anasikia?"

Hakuacha kazi. "Walimuuliza Mtume juu ya roho. Akaambiwa awajibu: roho ni katika mambo ya Mola wangu, nanyi hamkupewa ujuzi ila kidogo." Akachovya vidole kwenye ndoo. "Sasa hicho kidogo tulichopewa kinasema maji yawe vuguvugu. Haya yamepoa. Ongeza ya moto."

Nikaenda kuleta ya moto.

Tulimvisha sanda tatu, tukamsalia, tukambeba kwa kupokezana mpaka makaburini. Alipokwisha kulazwa kwenye mwanandani na mchanga kusawazishwa, mwalimu wa chuo cha Kurani alichutama upande wa kichwani akamsomea talakini, akimwita kwa jina lake na la mama yake, akimkumbusha majibu atakayoulizwa. Vijana wawili watatu waliondoka polepole. Wao hawaioni kuwa ni sunna, na siku ya maziko si siku ya kubishana. Mimi nilibaki, na sikubaki kwa sababu ya fikihi. Nilitaka kusikia mtu anazungumza naye kidogo zaidi.

Usiku Shangazi hakumruhusu mtu kukiondoa kikoi cha ami msumarini. Hakueleza, nasi hatukumuuliza.

Siku ya nne, baada ya hitima, nilipanda boti ya kurudi. Safari hii nilimeza kidonge mapema. Bahari ilikuwa ile ile, lakini macho yalianza kuwa mazito kabla ya Nungwi, na nikakumbuka kwamba Kurani inasema Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa kufa, na zile zisizokufa huzichukua usingizini, kisha hii akaizuia na hii akairudisha. Nilisoma dua ya kulala, mchana kweupe, abiria wa pembeni akanitazama.

Sikuiona Nungwi, wala Tumbatu. Nilishtuka nikiguswa bega. Mtoto wa miaka sita hivi, mkoba mgongoni, mama yake anamvuta mkono.

"Ami," alisema, "amka, tumefika."