Rangi Mbichi

Juzi Jumamosi kijana wetu wa mwisho aliamua, bila kutumwa na mtu, kulipaka geti rangi kabla wageni wa posa hawajafika. Nilikuwa nimekaa barazani na chai yangu, upepo ukaleta ile harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na thina, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimekwisha kuliendea geti na kuinama, nikipitisha ukucha kwenye maungio ya vyuma kuona kama kuna mahali palipochomelewa upya. Kijana akaniuliza, "Baba, unatafuta nini?" Nikamjibu kwamba sitafuti kitu. Huo ulikuwa uongo, kwa maana tangu mwaka 2017 sijapata kunusa rangi mbichi juu ya chuma bila kutafuta ufa.

Huo ndio mwaka ambao reli ya kisasa ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Jiwe la msingi liliwekwa Pugu mwezi wa Aprili, na haukupita muda ukanda wetu wote, kutoka Ruvu hadi Ngerengere, haukuwa na mazungumzo mengine zaidi ya moramu, yaani udongo wa changarawe wa kujengea, kokoto na mitambo ya kukodi. Nasi tulikuwa na shimo letu la kuchimba vifaa hivyo. Nilikuwa nikilichimba kwa ekskaveta ya kukodi, nikilipa kwa saa, na mke wangu, ambaye ndiye mwenye daftari, alinionyesha usiku mmoja kwamba kwa miezi kumi na minne tulikuwa tumemlipa mwenye mtambo karibu nusu ya bei ya mtambo wenyewe. Benki ikakubali kutukopesha. Nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, nami nikiwa na Mzee.

Mzee alikuwa fundi mstaafu wa mitambo, mtu aliyezeekea kwenye kambi za barabara, na vifaa vyake vyote vya ukaguzi vilienea katika mfuko mmoja wa kitambaa: tochi, tepu, sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, maka peni, na kipande cha shuka jeupe cha kufutia oili. Ndani ya basi alinipa sharti moja tu. "Kijana wangu, mimi nitakagua na wewe utanyamaza. Ukiusifu mtambo mbele ya mwenyewe, umekwisha kuongeza bei."

Yadi ya kwanza ilikuwa na Komatsu PC200-7, mtambo wa tani ishirini hivi, uliotoka Japani, na uliopakwa rangi ya njano mpya kabisa kuanzia paa la kibanda cha opareta hadi kwenye vyuma vya mnyororo wa kutembelea, ambavyo mtu mwenye akili timamu hana sababu ya kuvipaka rangi kwa kuwa vitakwanguka siku ya kwanza ya kazi. Naungama kwamba niliupenda palepale. Mzee hakuitazama rangi. Alifungua mlango wa nyuma, akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo kwa muda, kisha akanitazama. Injini ilikuwa ya moto, ilhali tulikuwa tumepiga simu asubuhi ileile kuomba tusiwashiwe mtambo mpaka tufike, kwa sababu injini iliyochoka hujifichua inapoamshwa ikiwa baridi. Mwenye yadi akasema vijana walikuwa wameusogeza kidogo kupisha lori.

Ukaguzi wa sehemu za chini sitaueleza wote. Alisafisha tope kwenye mnyororo, akapima kutoka pini hadi pini kwa vipande vinne, ambavyo vikiwa vipya hutoa milimita 760, naye akapata 769, maana yake pini na bushi zilikuwa zimelika kwa kiasi kikubwa ingawa mnyororo ulikuwa bado na maisha. Mafundi wengi huhesabu kwamba mnyororo, rola na sproketi peke yake hula karibu nusu ya fedha zote za matengenezo ya mtambo wa aina hii, kwa hiyo milimita tisa hizo zilikuwa fedha, nami nilizipigia hesabu kimyakimya. Kibandani mita ilisoma saa 6,412 na kiti kilikuwa kipya, lakini mpira wa pedali ya kutembelea ulikuwa umelika hadi chuma kinaonekana. Mzee aliugusa kwa kidole gumba, akasema kwa sauti ya chini kwamba mguu wa binadamu haujui kurudisha mita nyuma. Kwenye mkono mkubwa, ambao maopareta huuita bumu, aliona chini ya ile rangi mstari uliovimba, mrefu kama kiganja, uliokatisha mahali ambapo kiwandani hawaweki mshono.

Hata hapo, nisiwafiche, nilikuwa bado naununua moyoni mwangu. Mtambo uliotumika ni mtambo uliotumika, nilijiambia, na mwenye shida ya maji hachagui kisima.

Ndipo Mzee alipoomba dakika kumi.

Mtambo ulikuwa umefanya kazi kwa nusu saa, tukizungusha na kuinua, kwa sababu mafuta ya haidroliki yakiwa ya baridi ni mazito na huficha mivujo ya ndani. Akamwelekeza opareta wa yadi ajaze baketi mchanga kutoka kwenye lundo lililokuwa pale, anyooshe mkono wote mbele, ainue mpaka ncha ya jino la katikati iwe mita moja na nusu kutoka ardhini, kisha azime injini na ashuke. Alipima kwa tepu mara mbili. Akapanda kwenye mnyororo kwa shida, goti likimlalamikia, akachora kwa maka peni mstari mweusi kwenye rodi ya silinda ya bumu, upana wa vidole viwili kutoka mahali rodi inapoingia, akashuka, akatazama saa, akakaa juu ya tairi bovu.

Sijui kama mmewahi kusikia kimya kinachofuata mtambo mkubwa ukizimwa. Masikio hubaki yakivuma. Kisha vitu vidogo huanza kusikika kimoja kimoja: chuma cha injini kikipoa na kutoa mlio kama wa kucha kwenye sahani, punje za mchanga zikidondoka kutoka kwenye baketi, mama ntilie nje ya ukuta akiwasuta wateja wake wa mkopo. Dakika ya kwanza sikuona chochote, nikafurahi. Dakika ya pili nikaanza kuona, kisha nikashuku macho yangu, kwa sababu kitu kinachoshuka polepole namna ile hakionekani kikishuka; unakiona tu kwamba hakipo mahali kilipokuwa. Nikachagua tofali moja kwenye ukuta wa nyuma, nikalinganisha jino la baketi na mstari wa udongo chini ya tofali hilo. Jino likaupita mstari. Likaanza kulifunika tofali la chini yake.

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Dalali, aliyekuwa akizungumza mfululizo tangu asubuhi, akanyamaza kwa heshima, na kwa muda huo wote hapakuwa na mtu wa kutuliza wala kueleza, ilikuwa adhana na ule mkono wa njano ukiinama mbele yetu, polepole, kama mzee anayetafuta mahali pa kukaa. Ule mstari mweusi kwenye rodi ukasogea mpaka kwenye mdomo wa silinda. Ukawa nusu. Ukawa uzi. Ukaingia.

Adhana ilipokwisha dalali akasema, "Mzee, mashine zote zinashuka hizi."

"Zote zinashuka, mwanangu," Mzee akajibu bila kugeuka. "Tunaangalia mwendo."

Dakika ya kumi alipima. Sentimita 68. Mzigo ule ulikuwa umeshuka sentimita 82 huku hakuna aliyegusa kitu.

Maelezo aliyonipa baadaye, pembeni, yalikuwa ya mtu asiyetaka kusingizia. Mafuta yanayotakiwa kuushikilia mkono yalikuwa yakipita mahali fulani. Inawezekana yalipita kwenye sili za silinda, ile mipira ya kuzuia mafuta, na hizo ni kazi ya siku moja na fedha ambazo ningeweza kuzitoa mfukoni bila kumwambia mke wangu. Inawezekana pia yalipita kwenye valvu kuu, inayogawa mafuta ya mtambo mzima, kati ya chuma na chuma, na hapo hakuna sili ya kubadilisha. Unatafuta valvu nyingine, kwa mamilioni. Njia ya kutofautisha aliijua: silinda inyooshwe mpaka mwisho wake, hosi ya upande wa rodi ifunguliwe na bomba lake lizibwe, kisha mafuta yasukumwe kwa nguvu upande wa pili. Yakichuruzika kwenye tundu lililo wazi, sili zimekwisha. Tundu likibaki kavu, ni valvu. Robo saa ya kazi.

Mwenye yadi alikataa. Alisema mtambo wake haufunguliwi na mtu ambaye hajalipa, na leo, nikiwa nami nina mtambo, sioni kama alisema jambo la ajabu, kwa kuwa hosi ikifunguliwa kwenye vumbi la yadi, uchafu ukaingia, hasara ni ya mwenyewe. Siku ile nilimwona mwizi. Tulipofika getini alipunguza milioni kumi na tano kwa sentensi moja, na lazima niseme kwamba punguzo hilo lilinishawishi kuliko rangi. Mzee ndiye aliyenishika mkono kama anayemvusha mtoto barabara.

Kesho yake tukaona Hitachi ZX200, rangi yake ya machungwa imechujuka mpaka ikawa kama papai, kioo kimoja kimefungwa kwa bati, hosi moja inavuja mbele ya macho ya kila mtu. Injini yake ya Isuzu tuliikuta baridi, ikawaka kwa mara ya pili, ikatoa moshi mweupe kidogo ukakatika. Mzee alifungua kizibo cha oili injini ikinguruma, akakiweka juu ya tundu kichwa chini, nacho kikatulia bila kurushwa, dalili kwamba injini haijachoka. Baketi yake yenye mchanga ilishuka kiasi ambacho Mzee alikipima akatabasamu, na mwaka mzima sikuwa nimeyaona meno yake. Mwenye mtambo akasema, "Fungueni mnachotaka." Mzee akaomba kitu kimoja: filta ya haidroliki itolewe, ikatwe, ikunjuliwe juu ya shuka lake jeupe, tuone kama kuna chembe zinazong'aa rangi ya dhahabu, kwa sababu pampu kuu ikianza kulika husema kwanza kwenye filta. Filta mpya ya kurudishia haikuwapo. Ingebidi mtu aende mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, kuitafuta, na ilikuwa saa kumi na moja jioni ya Ijumaa. Lobedi, lile trela la kubebea mitambo, tuliyoizungumza ilikuwa inapakia usiku uleule, na dereva wake alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili.

Nikamwambia Mzee kwamba imetosha. Nilisema mtu anayekuruhusu kufungua kila kitu hana cha kuficha. Mzee aliukunja ule mkato wa shuka, safi kama alivyokuja nao, akauweka kwenye mfuko. "Haya," akasema.

Pampu ilikufa mwezi wa nane. Milioni kumi na tisa, pamoja na kusafisha mfumo mzima, na wiki tatu za malori kusimama. Sidhani kama yule mwenye mtambo alijua. Hata leo ninapojaribu kumkasirikia hasira inakosa pa kushika. Mzee alikuja kusaidia kuifungua, akainyoosha ile filta juu ya boneti ya pikapu, nayo ikametameta kama kitenge cha harusi, na hakunikumbusha lolote. Alifariki mwaka 2020, na hilo ni jambo ambalo hatukulizungumza kamwe. Mtambo wenyewe, baada ya pampu ile, umetulisha. Ndio uliolipa ada ya huyu anayepaka geti.

Ule wa njano niliuona tena. Ulinunuliwa na bwana mmoja wa upande wa Mikese, sijui kwa bei gani baada ya lile punguzo, na kwa miaka mitano sasa nikipita barabara ya Morogoro nauona ukifanya kazi, rangi imekwanguka vizuri, bumu lina kiraka kipana palepale Mzee alipopitisha ukucha. Kama alibadilisha sili tu au alinunua valvu sijui. Tunasalimiana misibani na kwenye mizani, tunaulizana hali ya soko la kokoto, na mara mbili swali limenifikia mdomoni nikalimeza pamoja na chai.

Jumatatu nilipita tena. Ilikuwa saa saba mchana, opareta amelala kivulini chini ya mwembe na mtambo umezimwa. Nikapunguza mwendo, nikasogea kando ya barabara, nikasimama, nikatazama saa yangu kabisa. Lakini opareta yule ni mtu aliyefundishwa kazi. Kabla ya kushuka alikuwa ameilaza baketi chini, imekaa ardhini na uzito wake wote, na hapakuwa na kitu cha kushuka.