Nilivyopanda Ngare Ndare kuitazama njia ya ndovu

Ukisafiri kwa matatu kati ya Nanyuki na Meru, kuna mahali katika eneo la Timau ambapo ndovu hupita chini ya magurudumu yako. Abiria wengi hawana habari, kwa kuwa kivuko chenyewe kimejengwa chini ya lami na ukiwa garini, kufumba na kufumbua umeshakipita. Mimi nilikijua kwa kusimuliwa tu. Nilichotaka kuelewa ni ndovu wanatoka wapi, wanaelekea wapi, na kwa nini waling'ang'ania kupita hapo hata wakajengewa njia. Barabarani jibu halionekani. Nikaamua kulitafuta kwa miguu, kwenye miinuko ya Msitu wa Ngare Ndare, ambako njia hiyo inaishia.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Tangu zamani ndovu walikuwa wakihama kati ya misitu ya Mlima Kenya na nyanda za chini kaskazini, kuanzia hifadhi ya Lewa hadi Samburu, wakifuata mvua na malisho. Yakaja mashamba makubwa, zikaja fensi, ikaja barabara kuu. Ndovu hawakuacha kuhama. Walivunja fensi, wakakanyaga ngano, na mkulima aliyeamka asubuhi akakuta shamba limelala chini hakuwa na sababu ya kuwapenda. Ndipo ukatengwa ushoroba, yaani njia ya wanyama, wa urefu wa kilomita 14 hivi, wenye nyaya za umeme pande zote mbili, ukikatiza kwenye ardhi iliyotolewa na mashamba ya Marania na Kisima. Kivuko cha chini ya barabara kilikamilika mwishoni mwa 2010, na dume aliyeitwa Tony ndiye aliyetangulia kukipita, mwanzoni mwa 2011. Mwaka 2013 UNESCO iliongeza Lewa na Ngare Ndare kwenye eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya, na ushoroba huu ulikuwa sehemu ya sababu.

Msituni huendi peke yako. Unatembea na renja mwenye bunduki, na hilo si mapambo: ndovu na nyati wamo, tena karibu na njia. Niliomba miadi siku iliyotangulia na kusisitiza tuanze asubuhi na mapema. Mlima Kenya una tabia ya kujifunika mawingu kabla jua halijapanda sana, na ukichelewa utafika juu ukakuta ukuta mweupe. Nilivaa nguo za rangi ya majani makavu, viatu vya kushika ardhi vizuri, na sikujipaka manukato yoyote. Hilo la mwisho lina maana kuliko watu wanavyodhani, maana pua ya ndovu hukupata mbali kabla macho yake hayajakuona.

Hewa ya huko ni nyepesi, uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kwa hiyo tulikwenda polepole tangu mwanzo. Mitarakwa ya hapo ni mizee, mingine ina magome yaliyosuguliwa hadi yakang'aa kwa kimo cha bega la ndovu. Renja alikuwa mbele, mimi nyuma yake, hatusemi ila kwa lazima. Kila penye kinyesi alisimama. Kilichokauka na kutawanywa na ndege tulikiruka. Kisha tukafikia kingine ambacho bado kilikuwa na unyevu, akakisogezea kiganja bila kukigusa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hawa wamepita alfajiri, dada. Tusikimbilie."

Akaokota vumbi, akaliachia lianguke. Likapeperuka kuelekea kule tulikokuwa tunaenda. Maana yake harufu yetu ilikuwa imetangulia. Tukaiacha njia, tukazunguka ubavuni mwa kilima mpaka upepo ukatujia usoni. Mzunguko ule ulitula muda na pumzi, na nilifurahi kila hatua yake. Kwenye vichaka vya chini tulisikia tawi likivunjwa, kisha kimya, kisha jingine. Renja aliinua mkono, tukasimama. Hatukuwaona. Mbega peke yao ndio waliotuchungulia kutoka juu. Tukasubiri mpaka sauti zikasogea bondeni, ndipo tukaendelea.

Juu, miti inapopungua, nchi ilifunguka. Kusini kulikuwa na mlima mzima, vilele vyake vya Batian na Nelion wazi kabisa, na chini yake mkanda mweusi wa msitu. Kati ya msitu ule na huu wetu ni mashamba tu, ngano iliyokatwa na ngano mbichi, vipande vilivyopigwa mistari iliyonyooka. Renja alinielekezea kidole nami nikafuata kwa darubini: ndani ya ile mistari upo ukanda mmoja usiolimwa, wa kijani kibichi, umeteremka kutoka mlimani kama uzi uliosahauliwa kwenye kitambaa. Magari yalipita barabarani yakimeta. Hapo ndipo nilipolipata jibu langu. Bila ukanda ule mwembamba, msitu niliosimama ndani yake ungekuwa kisiwa, na ndovu waliokuwa wakivunja matawi bondeni wangekuwa wafungwa wake.

Tulipumzika hapo mpaka wingu la kwanza likamshika Batian. Kushuka kulikuwa kwepesi. Lipo daraja la kutembea juu ya miti, mita 450 hivi, na mabwawa ya maji ya samawati chini ya maporomoko. Yote ni mazuri, lakini ukiwa na nguvu za jambo moja tu, panda.

Kivuko chenyewe sikukiendea, na simshauri mtu ashuke kwenda kukipiga picha. Ndovu wengi hukitumia usiku, na harufu ya watu mlangoni mwake inaweza kumfanya dume asite, na akisita yeye, wanaomfuata nao husita. Ukipanga safari, mweleze renja siku ya kuomba miadi kwamba unataka upande wa juu unaotazama mlima. Wageni wengi huteremka moja kwa moja kwenye mabwawa, na usiposema atakupeleka huko.