Namba ya kodi Ujerumani haifuatwi ofisi ya kodi

Jamani naomba niliandike hili mara moja liishe, maana kila anayefika huku Hamburg na kupata kakazi ka kwanza ananiuliza swali lile lile, dada TRA ya huku iko wapi nikachukue TIN, bosi ananidai namba. Ofisi ya kodi ipo, inaitwa Finanzamt, ila usiende kupanga foleni huko. Namba ya mfanyakazi inakuja yenyewe kwa barua hadi nyumbani kwako, na shughuli yote iko hapo kwenye "nyumbani kwako".

Iko hivi. Ukihamia kwenye nyumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya wakazi, ndio hiyo Anmeldung unayoisikia kila siku. Wanataka pasipoti, fomu, na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli umehamia kwake. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi, hiyo karatasi ni sheria tangu Novemba 2015. Ukishaandikishwa taarifa zako zinatumwa zenyewe mpaka ofisi ya kodi ya shirikisho, makao yake makuu yako Bonn, na wao ndio wanakutolea Steuer-ID, ndio hiyo namba ya kodi, tarakimu 11, ya maisha. Uhame mji, uolewe, urudi Tanga ukae miaka kumi halafu uje tena, ni ile ile. Barua inachukua kama wiki mbili tatu, wakati mwingine zaidi.

Sasa wengi wetu tukifika tunapata chumba kwa mtu ambaye na yeye kapanga, anakukaribisha vizuri kabisa ila anakwambia hapa hakuna kujiandikisha. Na wewe una mabegi na baridi inapiga, utasema nini? Unakubali. Ndio unakwama hapo, huna Anmeldung kwa hiyo huna namba, ukienda benki wanauliza unaishi wapi, ukienda uhamiaji hivyo hivyo. Kwenye magrupu utakuta watu wanauza anwani, unalipa unaandikishwa kwenye nyumba ambayo hujawahi hata kuingia. Achana nao kabisa, kutoa anwani hewa faini yake inaweza kufika euro 50,000, na jina lako wewe ndio limo kwenye makaratasi. Mi ushauri wangu ni bora chumba kibaya chenye karatasi kuliko kizuri kisicho na karatasi, hata kama kiko mwisho wa treni huko.

Kitu kingine kinachowaliza watu ni boksi la barua. Posta wa huku anasoma jina, nyumba za hapa hazina namba za milango kama unavyodhani, kwa hiyo kama boksi limeandikwa jina la mwenzako tu basi barua yako inarudi ilikotoka na wewe upo ndani unakunywa chai. Bandika jina lako, hata kwa karatasi na selotepu, tena liwe kama lilivyo kwenye pasipoti maana sisi na majina yetu matatu tunawachanganya. Barua ikipotea unaomba tena kwenye tovuti yao, na jibu linakuja kwa posta vilevile, hawakutajii kwenye simu wala imeili.

Bosi akisema bila namba hakuna kazi, mwelekeze kwa upole. Kama namba imechelewa na kosa sio lako, sheria inamruhusu kukukata kodi ya kawaida hadi miezi mitatu. Asipotaka, au muda ukipita, unawekwa daraja la kodi la 6, na daraja hilo linakata kodi kuanzia karibu euro ya kwanza, utalia ukiona hiyo slipu. Ila hela haijapotea, ukijaza ritani baadaye inarudi, na una miaka minne ya kujaza kama hulazimiki. Mwanafunzi ambaye mapato yake ya mwaka 2025 hayavuki euro 12,096 anarudishiwa kodi yake ya mapato yote. Kuna watu wanasoma hapa miaka na miaka hawajawahi kudai hata senti, sijui wanamwachia nani.

Halafu dini. Kwenye fomu ya Anmeldung kuna sehemu ya dini, sisi tunajaza kwa moyo mweupe kama tunajaza fomu ya shule. Ukiandika Mkatoliki au Mlutheri umeingia kwenye kodi ya kanisa, Hamburg ni asilimia 9, Bavaria na Baden-Württemberg ni 8. Watu wanasikia asilimia 9 wanapaniki, ni asilimia 9 ya ile kodi yako ya mapato, sio ya mshahara. Waislamu hawakatwi. Sikwambii ukane imani yako, wapo Walutheri wa Moshi ninaowajua wanalipa kwa furaha kabisa wakikumbuka kanisa lao lilianzishwa na wamisionari wa Leipzig, ila jaza ukijua unajaza nini, kwa sababu kujitoa baadaye ni safari nyingine ya ofisi na ada yake.

Wale wa kujiajiri, wasusi, wapiga picha, watafsiri, nyie mna namba ya pili, Steuernummer, hii ndio inatoka Finanzamt ya mtaani kwenu na ukihama inaweza kubadilika. Unajaza fomu kwenye mfumo wao wa mtandaoni, ELSTER, na hapo ucheke au ulie, unajisajili kwa kompyuta, halafu msimbo wa kufungulia akaunti, yaani zile herufi za siri, unaletwa na posta. Boksi tena hilo.

La mwisho, kwa mnaotunza wazazi. Hela unayomtumia mama asiye na kipato inaweza kupunguza kodi yako, kwa kiwango cha chini kuliko cha mzazi anayeishi Ujerumani. Wanataka fomu iliyothibitishwa na serikali ya kule anakoishi, kwa hiyo anza mapema kumtafuta mtendaji mwenye mhuri. Na kuanzia 2025 lazima hela iingie kwenye akaunti ya benki ya mama mwenyewe, bahasha ya kumpa shangazi anayesafiri Desemba haihesabiki.