Kinachowasumbua Wahandisi wa Sakafu ya Bahari ni Tope

Kila inapozungumzwa teknolojia ya kuchimba madini chini ya bahari, sifa nyingi huelekezwa kwa mashine zinazoweza kufanya kazi kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000, ambako shinikizo la maji huzidi mara 400 lile la hewa tunayoivuta. Zinastahili sifa hizo, ila kwa maoni yangu sehemu hiyo ya kazi ilishapata jibu zamani. Mwaka 1978, muungano wa kampuni za mataifa kadhaa ulifanikiwa kupandisha mamia ya tani za madini kutoka sakafu ya Bahari ya Pasifiki. Kinachowaumiza wahandisi vichwa hadi leo ni tope.

Madini yanayowindwa zaidi ni vinundu vyeusi vyenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti, ambavyo vimetapakaa kwa wingi katika ukanda wa Clarion-Clipperton, kati ya Hawaii na Meksiko. Kinundu kimoja hutosha kiganjani, na ukikipasua utaona tabaka zilizojengeka kuzunguka kitu kidogo, pengine jino la papa, kwa kasi ya milimita chache katika kila miaka milioni. Hakikushikamana na mwamba wowote, bali kimelala juu ya tope laini kikiwa kimezama nusu, kwa hiyo hakuna haja ya kutoboa wala kulipua.

Mashine ya kukusanya hutambaa kwa minyororo kama tingatinga, huku ikirusha maji kwa nguvu ili kuving'oa vinundu na kuvivuta ndani. Kutoka hapo hupelekwa kwenye bomba refu linaloning'inia chini ya meli, na hapa ndipo ninapovutiwa zaidi na ufundi wenyewe. Hewa iliyoshindiliwa huingizwa ndani ya bomba katika kina fulani. Mapovu yake huufanya mchanganyiko uliomo uwe mwepesi kuliko maji ya nje, na uzito wa bahari yenyewe ukausukuma juu pamoja na vinundu. Mwaka 2022 meli ya Hidden Gem ilitumia bomba la zaidi ya kilomita 4 na kupandisha zaidi ya tani 3,000 kwa njia hiyo.

Lakini mashine haiwezi kuvuta kinundu bila kuvuta pia tabaka la juu la tope, ambamo ndimo wanamoishi viumbe wengi wa huko chini. Vipimo vilivyochukuliwa wakati wa majaribio ya mashine ya Patania II mwaka 2021 vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya tope lililotimuliwa ilibaki karibu na sakafu, bila kupanda juu sana. Ni habari njema kiasi, ingawa kiumbe anayechuja chakula chake majini pale chini hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba wingu hilo ni fupi. Kuna pia maji machafu yanayobaki melini baada ya vinundu kutengwa: yakimwagwa karibu na uso wa bahari yatazuia mwanga, na yakirudishwa katikati yatawakuta viumbe waliozoea maji maangavu. Na mikwaruzo haifutiki upesi. Mwaka 1989 watafiti wa Kijerumani walilima kwa makusudi sehemu ya sakafu ya bahari katika Bonde la Peru, na waliporejea mwaka 2015 walikuta mifereji yao ingali inaonekana waziwazi.

Ndiyo maana nafuatilia kwa hamu zaidi roboti zinazoelea juu kidogo ya sakafu, zikitumia kamera na mikono ya chuma kuokota kinundu kimoja kimoja na kuviacha vile vinavyoonekana kuwa na viumbe juu yake. Hazikanyagi tope na hazihitaji bomba. Udhaifu wake ni kwamba zinategemea betri na lazima zipande juu kila zikijaza mzigo, hivyo zitahitajika nyingi mno ili kufikia tani ambazo bomba moja hupandisha. Ningetaka kuziona zikifanya kazi mfululizo kwa miezi katika kina halisi, na watafiti wasioajiriwa na kampuni husika wakipima tope wanavyotaka wao.