Koki ya tenki la shangazi ilivyoniokoa na sapu

Pepa ya fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, ilinilaza, nikabaki na sapu, yaani mtihani wa marudio. Swali lilitaka tueleze adrenalini inavyoufanya moyo ufanye kazi zaidi. Nilimwaga mnyororo niliokuwa nimeukariri: adrenalini inashika kipokezi cha beta-1 kwenye seli ya moyo, kipokezi kinaamsha protini ya Gs, Gs inaamsha kimeng'enya adenili saiklesi, cAMP, mjumbe wa ndani ya seli, inaongezeka, na kinesi A, kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine, inaamka. Nikaishia hapo, kama konda aliyetaja vituo vyote akasahau mwisho wa gari. Alama sizitaji.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi, Nkuhungu, Dodoma. Maji ni ya mgao. Jioni moja yalitoka, akaniambia nipandishe tenkini. Pampu inanguruma, tenki halijai.

"Mwanangu, koki umeiacha nusu!"

Nikaifungua, bomba likatetemeka, maji yakapanda.

Usiku ule niliugeuza mnyororo, nikaanzia kwenye kalsiamu. Msuli wa moyo hukaza kalsiamu ikitoka ghalani mwake ndani ya seli, hulegea ikirudishwa humo na pampu iitwayo SERCA. Protini iitwayo fosfolambani ndiyo koki iliyoachwa nusu: huibana pampu. Kinesi A ikiibandika fosfolambani fosfati, koki inaachia, na pampu inavuta kwa kasi. Kinesi hiyohiyo huifanya milango ya kalsiamu ya aina ya L, iliyo kwenye utando wa seli, ifunguke zaidi, kwa hiyo msuli unakaza kwa nguvu, na kwa kubandika fosfati kwenye troponini I, protini ya nyuzi za msuli, huzifanya nyuzi hizo ziachie kalsiamu mapema.

Mimi siku zote nilidhani adrenalini inakaza tu. Kumbe inalegeza pia! Moyo ukipiga mara 150 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 0.4, kukaza na kujaa humohumo. Usipolegea haraka, utabana chumba kisichojaa damu. Tena ghala lililojazwa upesi lina kalsiamu nyingi ya pigo linalofuata.

Nilichora yote kwa chaki ubavuni mwa tenki, kila siku nikianza na kalsiamu na kurudi nyuma hadi kwenye kipokezi. Sapu nikapita.

Shangazi, anayemeza atenololi ya presha, alisimama mbele ya mchoro na ndoo yake. Nikamwonyesha kipokezi cha beta-1: dawa yake inakaa pale, adrenalini inakosa kiti.

"Ndiyo maana nikikazana na mlima moyo hauendi mbio kama zamani?"

"Ndiyo, shangazi."

"Haya, sasa futa hiyo chaki."